Sumaku ya Petra

Nyumbani kwa Jorunn Hamnvåg, mjini Tromsø, friji lilifunguliwa kwa adabu. Mlango wake ulijaa sumaku nyeusi, kila moja imezungushiwa utepe mwekundu wenye jina la mtu. Mumewe, Eilert, akitaka maziwa, alivuta mlango polepole kama mwizi, la sivyo akina Ragna na Haakon na ndugu zao wangemwagika sakafuni na mkewe angemjia juu.

Hayo yalikuwa majina ya maboya. Usifikirie yale ya bandarini yanayoelea siku nzima yakikaliwa na ndege. Haya ni marefu kama mtu mzima, ya rangi ya manjano, na kazi yake ni kuzama. Yakifika kina kilichopangwa hujiachia, mkondo ukayachukua utakako, chini ya barafu, huko kaskazini ya visiwa vya Svalbard. Siku yakipata mwanya hupanda juu, huiambia setilaiti habari zote za safari, kisha huzama tena.

Jorunn ndiye aliyeyapima uzito karakanani, akayafunga, akasafiri nayo na kuyashusha kwa mikono yake. Boya hulala maadamu sumaku imebandikwa ubavuni. Ukiibandua, linaamka. Ukisahau, umetupa baharini mali ya umma na hakuna wa kukurudishia. Kwa hiyo kila sumaku aliyoibandua aliibeba nyumbani. Ikiwa frijini, maana yake boya liliamka, na yeye analala usingizi wake kwa raha.

Sumaku ya Petra haikuwepo frijini.

Petra lilikuwa jina la mama yake, mwanamke wa kisiwa cha Senja aliyeshinda ufukweni akitundika samaki wakauke. Ukimwita chakula haitikii. Unaita tena, kimya, mpaka sauti inakukauka. Viazi vikishapoa ndipo anaingia, anavua glavu, na kusema, "Nilisikia tangu mara ya kwanza." Jorunn alipolipa boya jina hilo alikuwa anatania tu. Alijua litakawia kujibu.

Sasa sikia ilivyokuwa. Siku ya kumshusha, Petra alikuwa ananing'inia kwenye kreni, Jorunn amesimama naye pale sitahani, kikombe cha kahawa mkono mmoja, na ule mwingine uko ubavuni mwa boya. Mtu akapiga kelele, "Dubu! Dubu mweupe!" Basi meli nzima ikahamia upande wa pili. Hata mwendesha kreni aliteremsha mzigo shingo imegeuka. Jorunn ameona dubu wengi maishani, lakini dubu ni dubu, naye akakimbia kama wengine. Aliporudi Petra alishazama. Akapapasa mifukoni: kitambaa cha kufutia pua na peremende moja. Sumaku hakuna. Je, aliibandua? Alijaribu kukumbuka mkono wake ulifanya nini, akamkumbuka dubu tu.

Hakumwambia mtu. Kiangazi kilichofuata maboya mengine yaliongea, Petra akanyamaza. Cha pili vilevile. "Ni barafu," walisema wenzake, kwa kuwa boya likihisi juu kuna barafu hugeuza likarudi chini kungoja. Jorunn aliitikia kwa kichwa.

Ndipo ikaja safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Mkuu wa safari alikuwa Synne, daktari wa mambo ya mikondo, mwanamke mwepesi wa kucheka ambaye Jorunn alimpenda kama mdogo wake. Nayo safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kung'oa tarumbeta. Hivyo ndivyo walivyokiita kile chombo kilichofungwa chini ya bahari, kinachotoa mlio mrefu mzito kwa saa maalumu. Boya husikiliza mlio, huweka kumbukumbu ya muda uliochukua kufika, na kutokana na hapo Synne hujua limepita wapi chini ya barafu. Bila tarumbeta, boya huzurura kama mtu aliyefumbwa macho. Maboya mengine yalikwisha kutoka eneo lile. Aliyebaki ni Petra peke yake, na Petra alihesabiwa amekufa.

Huo ndio mtego uliomnasa Jorunn. Kama hakumwamsha, waling'oe tu, hakuna hasara. Kama alimwamsha, wanamziba masikio angali anasikiliza. Naye hajui! Lakini kukaa kimya zaidi aliona ni dhambi sasa.

Jumamosi, wote wakiwa mezani na uji wa mchele wenye siagi na mdalasini, alimsogelea Synne.

"Synne, nina neno."

"Kama ni la kustaafu, nimekataa. Kula uji."

"Ni la Petra. Sijui kama nilimwamsha."

Synne aliweka kijiko chini. "Hujui? Hujui vipi?"

"Ile siku ya dubu. Sikumbuki kubandua sumaku. Na sumaku yenyewe sina."

"Muda wote huu, Jorunn? Mimi nawatukana watengenezaji, kumbe..."

"Niliona haya."

"Ungeniona mimi basi!" Synne alisugua macho. Sauti yake ilikuwa imeshashuka. "Haya. Sasa hakuna cha kungojea. Kesho tunaling'oa tarumbeta."

Jorunn alitamani angefokewa. Hapohapo mlango wa jiko ulifunguka kwa kishindo na Oddgeir, mpishi, akatokea ameshika kitu kwa ncha za vidole kama ameshika panya.

"Nani? Nani kaleta jibini ya kahawia kwenye meli yangu?"

Kwa kuogopa mkosi, watu wa kaskazini hawapandi na jibini ile melini, kama wasivyopanda na shanta la mgongoni wala kumtaja farasi wakiwa baharini. Vijana wanacheka mambo hayo, ila sijaona kijana aliyethubutu kujaribu.

"Ilikuwa kwenye begi jekundu," alisema Oddgeir.

"Eilert huyo!" Jorunn alipiga kelele. "Kanichomekea, anajua naipenda. Naapa sikuiona!"

"Eilert simwoni hapa. Nakuona wewe. Jibini inakwenda baharini na wewe unakwenda kwenye masufuria. Twende."

Kuingia jikoni kwa Oddgeir ilikuwa marufuku kwa kila mtu isipokuwa mwenye adhabu. Jorunn alifunga aproni, akainamia sufuria la uji lililoungua, akasugua. Machozi yalimtoka. Alikuwa amefanya kazi hii vizuri maisha yake yote na sasa anaimaliza hivi, kwa sababu ya dubu.

"Unalilia jibini?" Oddgeir aliuliza.

"Mvuke huo. Nipe brashi nyingine."

"Iko juu ya jiko, jichukulie. Mimi si mtumishi wako."

Aliinua mkono, na mkono ukabaki hewani. Juu ya jiko, kwenye bati, palikuwa na karatasi ya vyakula vya wiki, na karatasi ile ilishikiliwa na sumaku nyeusi. Utepe mwekundu. Mwandiko wake mwenyewe: PETRA.

"Oddgeir. Hii umeitoa wapi?"

"Hiyo? Kwenye kikombe chako. Siku ile ya dubu uliingia hapa mbio kuchungulia dirishani, bila ruhusa, ukaacha kikombe. Naosha, nasikia kitu kinagonga chini. Nikasema, makubwa! Huyu mama siku hizi anakunywa vyuma."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia nini? Inashika vizuri. Nilidhani Petra ni jina la kampuni."

Jorunn alimkamata kichwa kwa mikono yenye povu na kumbusu kwenye upara.

"We bibi!" alilia Oddgeir. "Jibini haijatosha?"

Lakini alishatoka na aproni yake, maji yakichuruzika njia nzima. Alimkuta Synne peke yake anaangalia ramani, akaibandika sumaku kwenye ukingo wa chuma wa meza mbele yake, *ta!* Synne aliisoma, akamtazama, akaisoma tena.

"Kwa hiyo aliamka."

"Aliamka. Nilimwamsha!"

"Haina maana kwamba yu hai."

"Haina. Lakini kama yu hai, anasikiliza."

Synne aliuma kidole. "Wakubwa watanila nyama. Tumeleta meli mpaka huku kung'oa kitu, turudi mikono mitupu?"

"Tusirudi mikono mitupu. Tulipandishe, tulitie betri mpya, tulirudishe chini. Useme fundi wako kizee alikushauri vibaya. Mimi nastaafu, watanifanya nini?"

Synne akacheka, kwa mara ya kwanza tangu uji. Kesho yake tarumbeta lilipanda na tope lake, likabadilishwa betri, likashuka tena kwenda kuendelea kulia. Na Jorunn aliporudi nyumbani jambo la kwanza alibandika sumaku frijini.

"Jibini ilikuwaje?" Eilert aliuliza.

"Ukirudia nakuacha," alisema, kisha akamkumbatia mpaka mzee wa watu akashangaa.

Majira ya baridi yalipita. Jorunn akastaafu, akazoea kuchelewa kuamka, akayachoka mazoea hayo. Mwisho wa kiangazi, siku moja akichemsha viazi, simu ililia.

"Kaibuka," alisema Synne, bila salamu. "Petra kaibuka!"

"Wapi?"

"Mashariki ya Greenland! Hakuna hata mmoja wetu aliyemtarajia upande ule."

Jorunn aliegemea friji. Sumaku kadhaa zilianguka. "Na tarumbeta? Synne, tarumbeta je?"

Synne alikuwa analia au anacheka, haikujulikana. "Kalisikia lote. Mlio hadi mlio, kuanzia ule wa kwanza kabisa baada ya wewe kumshusha. Njia yake yote ninayo hapa."

Jorunn alikaa chini sakafuni, katikati ya sumaku. Viazi vilichemka vikamwagikia jiko, na Eilert akaja mbio kutoka sebuleni.

"Kuna nini? Nani huyo kwenye simu?"

"Mama," alisema Jorunn. "Anasema alisikia tangu mara ya kwanza."