Mashine Iliyooshewa Vyombo

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na bado aliitwa Dada. Mfanyakazi wa ndani haongezeki umri, si unajua? Alimkuta mama mwenye nyumba ana mimba ya kwanza. Mtoto huyo leo kaanza kuota ndevu, naye bado ni Dada shati langu, Dada chai yangu. Miaka kumi na minane alilala chumba cha uani, kitanda cha futi tatu, dirisha linalotazama ukuta. Wewe ungekicheka. Yeye hakuwa na kingine. Kwa kaka yake alishakwenda likizo mara mbili, na mara zote wifi yake alimpokea kanuna, akamuuliza anaondoka lini kabla hata hajafungua begi.

Alijua kuosha vyombo. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani ni kazi ya yeyote mwenye mikono. Glasi kwanza, maji yakiwa bado masafi, kisha vijiko, kisha sahani, na sufuria mwisho, ndani na nje, mpaka masizi yasalimu amri. Wageni walisifia, na mama alijibu kwamba Dada yake hana mpinzani. Sifa hiyo ilimlisha wiki nzima.

Kisha ikaja mashine ya kuoshea vyombo. Mafundi wawili waliibeba, wakaichomeka pembeni mwa sinki. Mama akamshika Dada bega, akamwambia kwamba mikono yake imeliwa na sabuni vya kutosha, wamemnunulia mapumziko. Fundi akamweleza: kwangua makombo, panga, tia kidonge cha sabuni, bonyeza. Na kila mwezi uiwekee chumvi. Chumvi! Dada akashika kiuno. Kitu kinacholambishwa chumvi kama ng'ombe, ndicho akikabidhi sahani za watu? Thubutu.

Basi akawa anaosha kwanza. Sisemi kusuuza, nasema kuosha, kwa dodoki na povu, glasi kwanza na sufuria mwisho. Kisha alivipanga ndani vikiwa vinang'aa, akafunga, akabonyeza. Miezi saba alifanya hivyo, mlango wa jikoni ukiwa umerudishwa. Moyoni alijiambia anamstiri mama asiaibike mbele ya wageni. Lakini tuseme ukweli, alikuwa anaogopa. Sahani ikitoka na mafuta, nani angetolewa macho? Mashine haina macho ya kutazamwa. Lawama zingemwangukia yeye.

Mama akawa hashikiki. Kila mgeni aliburutwa jikoni kuona maajabu. Shoga yake mmoja, aliyezoea kusema mitambo hiyo ni ya kujionyesha tu, inakula umeme na kuchukua saa mbili kwa vikombe sita, alishikishwa glasi mkononi akafyata. Dada alisimama kando na trei, akisikia sifa zake zinapewa bati. Iliuma, jamani. Iliuma kuliko matusi.

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, akaitwa sebuleni akaambiwa akae. Miaka yote ile hajawahi kuambiwa akae sebuleni, akajua mambo yameharibika. Baba alikuwa anatazama simu. Mama alizungusha maneno weee: watoto wamekua, nguo zina mashine, vyombo vina mashine, nao wameona ni wakati Dada apumzike. Hapo ndipo neno lile lilipovua nguo. Kumbe walimnunulia mapumziko kweli! Mwisho wa mwezi wangemsindikiza wenyewe mpaka kwa kaka yake.

Akilini Dada alimwona wifi yake kasimama mlangoni, kanuna. 

"Mama," alisema, "ile mashine haijawahi kuosha chombo kichafu. Naosha mimi."

Mama alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Baba akaweka simu chini. Alisema, bila hasira yoyote, kwamba jambo hilo halina haja ya mabishano, vyombo vya mchana si bado vipo?

Dada alivipanga mwenyewe, na hakuvionea huruma. Sahani zilizogandiwa na mchuzi, glasi zenye alama za midomo, sufuria iliyoungua chini. Hata makombo hakukwangua. Akabonyeza, akasimama pale, na wale wawili wakavuta viti. Maji yalipiga humo ndani kwa saa mbili. Mwanamke aliyemaliza ujana wake akifukuza uchafu alikuwa anauomba sasa ubaki, hata kidogo, hata ukingoni mwa kijiko.

Mlango ulifunguliwa, mvuke ukatoka. Sufuria ilibaki na duara jeusi chini, na moyo wa Dada ukaruka.

"Hiyo nitaisugua mwenyewe," mama akasema.

Vingine vilikuwa safi. Dada alitoa glasi, akaielekeza kwenye mwanga, akaizungusha. Alitafuta alama kama mtu anayetafuta sindano, akakosa. Wote wawili walikuwa wanamtazama. Angeweza kusema uongo, lakini juu ya glasi hakujua uongo unasemwaje.

"Ni safi," akasema.

Baba alirudi sebuleni. Mama alibaki, akimwangalia Dada anavyorudisha vyombo kabatini, vikombe vya wageni juu, vya watoto chini, vifuniko pembeni. Kisha akatoa simu, akamwomba asogee kidogo, akapiga picha kila rafu, ili baadaye wasihangaike kujua nini kinakaa wapi.