Siku Watoto Wetu Hawakuinuka

Nilipaswa kumjibu hapana mwenyekiti wa halmashauri ya walei. Alinikuta nyuma ya nyumba nikikata majani ya ng'ombe, Jumapili ya kwanza ya Majilio, viatu vyake vya misa vikiwa vimeshika udongo mwekundu. Hakutaka kukaa. Alisema watoto wa kwetu Kibimba wamealikwa Biharamulo kabla ya Noeli kusikiliza okestra na kutazama baleti, na kamati imenichagua mimi niwaandae na kuwasimamia.

"Jambo moja tu, mwalimu," akasema. "Watu wa mjini wanatuona sisi wa milimani kama tumeacha kuchunga jana. Sitaki mtoto ainuke, aguse kitu, wala acheke ovyo mpaka wewe umeitikia kwa kichwa. Macho yao yawe usoni kwako."

"Hata wakiitwa na wanamuziki wenyewe?"

"Wakiitwa watakutazama wewe. Si ndivyo tulivyolelewa?"

Nikakubali. Hakunilazimisha, na sitamtupia lawama. Nilipenda kuambiwa kwamba watoto wote wa parokia watanitazama mimi.

Alichosema kuhusu malezi kilikuwa kweli. Kwetu mtoto akipewa kitu na mgeni, hata iwe pipi, hanyooshi mkono kwanza. Anamtazama mkubwa wake. Na mkubwa naye hakubali mara ya kwanza. Anasema, "Acha tu, ameshiba." Mgeni anasisitiza, ndipo mkubwa anaitikia kwa kichwa, na mtoto anapokea kwa mikono miwili. Anayekubali mara ya kwanza anaonekana ametoka nyumba yenye njaa. Nimelelewa hivyo na nimelea wanangu hivyo, na mpaka leo naona ni adabu nzuri mahali pake.

Mtoto mmoja kati ya hao alikuwa mjukuu wangu. Alikuwa darasa la pili, akiishi nasi kwa sababu mama yake anafanya biashara Kahama. Huyu mtoto alicheza kabla hajajua kuzungumza vizuri. Jioni maharage yakiwa jikoni, mimi nilikaa kwenye kigoda na kupiga dumu tupu la maji, naye aliingia uwanjani ameinua mikono juu kama pembe za ng'ombe, vidole vimelegea, shingo imenyooka, miguu ikikanyaga taratibu. Ndivyo wanawake wa kwetu wanavyocheza, ila wengi hujifunza wakishakuwa wasichana. Yeye alijifunza kwa kuangalia arusi moja tu. Bibi yake alikuwa akitoka jikoni na mwiko mkononi kumtazama. Mimi nilikuwa mpigaji wake, na hakumkubali mpigaji mwingine. Mjomba wake alijaribu siku moja, akaambiwa, "Wewe unapiga kama unafukuza kuku. Mwachie babu."

Maandalizi yalinifurahisha kuliko kazi yoyote niliyofanya baada ya kustaafu ualimu wa kwaya. Nota nilifundishwa sekondari, kwenye shule ya bweni, lakini okestra nilikuwa nimeisikia redioni tu. Kiongozi wa wanamuziki alikuwa mwanamke kutoka Dar es Salaam. Alinipigia simu, akanisalimia "Shikamoo, baba", akanieleza kisa chenyewe. Msichana anachunga, na mkesha wa Noeli ndama wake anapotea msituni. Anamtafuta, anakutana na ndege korongo wanaocheza kando ya maji, anapitia kwenye mvua na giza, na mwisho anampata. Hakuna anayesema neno. Wachezaji wanaeleza kwa miili na ala zinaeleza kwa sauti. Akanitumia vipande vya muziki kwenye simu.

"Wafundishe masikio tu, baba," aliniambia. "Wajue nani ni nani. Mengine tutayafanya pamoja siku hiyo."

Nilisikia hayo maneno, "mengine tutayafanya pamoja." Sikuuliza maana yake.

Nilichukua spika ya kwaya na kuwaketisha watoto kwenye mabenchi ya kanisa. Niliwawekea selo, ambayo ni kama fidla kubwa inayosimamishwa chini na kupigwa kwa upinde.

"Huyu ni nani?"

"Ni mzee anakoroma!" akasema mmoja, wakacheka wote.

"Ni ng'ombe wetu," akasema mjukuu wangu. "Anavyolia ndama wake akifungwa mbali."

Na ndiye hasa, ng'ombe mama. Klarineti ilikuwa ndama, filimbi zilikuwa korongo, na pembe ya shaba ilikuwa baba wa msichana akiita kutoka kilima cha pili. Kinubi hakikuwashangaza, kwa sababu nyumba kadhaa bado zina nanga ukutani, ile ala yetu ya nyuzi. Baada ya vipindi vichache ningeweza kuwawekea ala zote zikipiga pamoja na mtoto akanyoosha kidole hewani, "Ndama huyo! Amepita nyuma ya mvua!" Walikuwa wanasikia. Sijawahi kuwa na kwaya ya watu wazima iliyosikia hivyo.

Kisha, kila kipindi kilipokaribia mwisho, nilitimiza agizo la mwenyekiti. Mikono chini ya mapaja, migongo wima, macho kwangu. Nilipiga muziki wa furaha na kumkemea aliyetikisa bega. Mjukuu wangu alikemewa kuliko wengine. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza, "Babu, sasa ule wa mwisho, ndama akipatikana, hata kidogo hatuchezi?"

"Nikikubali kwa kichwa, utacheza."

"Utakubali?"

"Tutaona."

Akaruka mtaro kwa furaha. Kwake hiyo ilikuwa ahadi, nami nilijua hivyo.

Tuliondoka alfajiri kwa basi dogo la kukodi, sweta zimevaliwa juu ya sare za kwaya, kwa kuwa kwetu Ngara kuna baridi hata Desemba. Tulishuka milima, tukapita Nyakahura, na watoto waliimba mpaka sauti zikakauka. Mjini Biharamulo tulipokelewa na mama mmoja mfanyabiashara, familia yake imekuwa na duka karibu na soko tangu babu zake walipotoka pwani. Alikuwa amewaandalia wageni wote chai na maandazi uani kwake.

"Karibuni, wajukuu, chukueni!" akasema.

Watoto wakanigeukia mimi. Nikasema, "Asante mama, wamekula njiani."

"Wamekula nini njiani, vumbi?" Akasukuma sinia mbele. "Chukueni, msimsikilize huyu!"

Nikaitikia kwa kichwa, mikono ikatoka. Mwenyekiti, aliyekuwa amesafiri nasi na kusimama pembeni, alitabasamu. Kila kitu kilikwenda kama kinavyopaswa kwenda, na ndiyo maana niliingia ukumbini nikiwa na uhakika kabisa.

Ulikuwa ukumbi wa shule, viti vimerudishwa nyuma, mikeka imetandikwa mbele kwa ajili ya watoto. Wa kwetu walikaa kulia, wa mjini kushoto, pamoja na wengine kutoka Nyabusozi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha ukutani, mahali ambapo wote wangeniona. Wanamuziki hawakuwa wengi, lakini walipoanza kulinganisha sauti, ule mlio mmoja unaojaa polepole, nilihisi nywele za mikono zikisimama. Redio haikuwahi kunifanya hivyo. Sakafu ilitetemeka na selo. Mtoto mmoja alinong'ona, "Ng'ombe yuko chini ya mkeka."

Sitajaribu kueleza baleti yote. Nitasema tu kwamba nilikuwa nimetegemea kitu cha kizungu, cha mbali, na nikakuta korongo ninaowajua. Wachezaji watatu walisimama kwa ncha za vidole, wakatanua mikono, wakainamisha vichwa vyenye taji za nyuzi za mkonge, na kila mtu ukumbini alijua wako kwenye bonde gani. Ndama alipopotea, klarineti ikinyamaza kidogo kidogo, watoto wetu waliacha kunitazama mimi. Walitazama mbele na midomo wazi. Hiyo ndiyo kazi niliyowafundisha, na niliifanya vizuri. Hilo sitalikana.

Ndama akapatikana. Ala zote zikainuka, ngoma ikaingia, pembe ya shaba ikaita. Kiongozi akatugeukia, mikono yake bado inaendesha muziki nyuma yake, akasema kwa sauti kubwa, "Ndama amerudi! Kundi lake liko wapi? Ng'ombe wetu, njooni!"

Watoto wa mjini waliinuka mara moja, wakakimbilia mbele, kila mmoja akiruka anavyojua. Watoto wangu wakageuka wakanitazama.

Mjukuu wangu alikuwa ameshapiga goti moja. Mikono yake ilikuwa imetoka chini ya mapaja na imeanza kupanda, pembe zinaanza kuumbika. Macho yake yalikuwa kwangu, na hayakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alijua nitakubali.

Nikatikisa kichwa.

Nilifanya kama nilivyofanya uani juu ya maandazi. Ule ulikuwa mwaliko wa kwanza. Nilijua yule dada kiongozi ataita tena, na mara ya pili ningeitikia, nao wangeinuka wote pamoja kwa heshima, na mwenyekiti angeona, na mji mzima ungeona. Nilisubiri mwaliko wa pili. Lakini muziki hauko kama mama mwenye sinia. Hausimami kusisitiza. Ulipanda, ukazunguka, ukaanza kushuka, na kiongozi alikuwa na kazi ya kuufikisha mwisho. Alitutazama mara moja tena, nyusi zimeinuliwa, kisha akarudi kwa wanamuziki wake.

Hapo bado palikuwa na nafasi. Nataka hili lieleweke, kwa sababu nimewahi kujitetea kwa kusema ni mila. Niliona kwamba hataita tena. Ningeweza kuitikia kwa kichwa wakati huo, na watoto wangeipata sehemu ya mwisho. Nilimtazama mwenyekiti, nikaona ameridhika, nikabaki nimekaa. Hiyo haikuwa mila. Yalikuwa majivuno yangu.

Mjukuu wangu alirudisha goti chini. Akarudisha mikono mapajani, mmoja, kisha wa pili.

Makofi yalipokwisha, yule mama wa duka alinijia akijipepea kwa mtandio. "Mzee wangu, hawa watoto umewalisha gundi?"

"Ni adabu, mama."

"Adabu mbele ya ngoma? Hata mimi na magoti yangu haya nusura niinuke!"

Kiongozi wa okestra naye alikuja kunisalimu. Alinishukuru kwa kuwaandaa, akasema hajawahi kuona watoto watulivu hivyo. Kisha akauliza, kwa upole, "Yule binti wa mbele, aliyeinua mikono. Sehemu ile tuliitunga tukifikiria uchezaji wa huku kwenu. Hakupenda?"

"Ana aibu," nikasema.

Mjukuu alikuwa amesimama nyuma yangu na alisikia. Nilimsingizia aibu mtoto ambaye hajawahi kuwa nayo, mbele ya mtu aliyetamani kumwona.

Ndani ya basi mwenyekiti alinipongeza mbele ya wote. Hakuna mtoto aliyeimba. Nilimwita mjukuu wangu aje akae nami, akaja, kwa sababu ni mtoto mtiifu, akatazama dirishani mpaka nyumbani.

Siku ya Noeli, baada ya chakula, nilichukua dumu na kupiga. Alikuwa anaosha vyombo na bibi yake.

"Njoo, mama," nikamwambia. Kwetu mjukuu wa kike unaweza kumwita hivyo kwa mapenzi.

"Nimechoka, babu."

Nikaita mara ya pili. Nikaita na ya tatu. Kila mara alinijibu kwa adabu, akikausha sahani. Bibi yake alinitazama, akasema polepole, "Acha kupiga."

Nilimwomba radhi, si siku hiyo, bali miezi kadhaa baadaye. Alisema, "Haina neno, babu," na nadhani alimaanisha. Hajanichukia. Mpaka leo, akiwa nyumbani, ananisalimia kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, ananiletea maji ya kunawa, ananisomea simu miwani yangu ikipotea. Sasa yuko kidato cha pili, bweni, na yumo katika kikundi cha ngoma cha shule. Walimu wanasema ndiye anayewaongoza wasichana. Mwaka jana wazazi walialikwa kwenye mahafali, na kikundi kilikuwa kinacheza. Nilipiga pasi koti langu. Akapiga simu kupitia kwa mwalimu wake, akaomba kuzungumza nami.

"Babu, naomba aje bibi peke yake."

"Kwa nini, mama?"

"Nikikuona nitakutazama usoni kwanza. Nitasimama katikati ya ngoma."

Nilimwambia acheze vizuri. Bibi yake alipanda basi kwenda huko, akarudi na kunisimulia kwamba ukumbi mzima ulisimama, kwamba mikono yake sasa ni mirefu na pembe zinafika juu kweli. Alinisimulia mara moja, kisha akaenda kulala.

Nilikubali kuwa uso ambao watoto wanauomba ruhusa. Kwa hilo nimepoteza kumwona mjukuu wangu akicheza. Anacheza, na wengine wanamwona. Mimi sijamwona tangu Biharamulo, na nimezeeka, na sidhani nitamwona.