Gari Isiyofagiliwa

Mume wangu aliionea wivu gari yake kuliko alivyonionea mimi, na nilimwambia hivyo si mara moja. Yeye akicheka tu. "Wewe una miguu," akinijibu. "Ukichoka nami utakwenda kwenu. Hii ikiachwa inaoza pale pale."

Ilikuwa gari ndogo ya Kiingereza, rangi ya kijivu, aliyoinunua kwa bwana mmoja aliyehama baada ya Mapinduzi na hakuwa na pa kuipeleka. Sisi tulikaa Mji Mkongwe, ghorofani, mimi na yeye na mama yake, kwenye kichochoro ambacho hata baiskeli hupita kwa kuomba radhi, sembuse gari. Kwa hivyo ikawa inalala Mlandege, katika banda la mabati nyuma ya duka la mjomba wangu. Kila Ijumaa asubuhi mume wangu alikwenda kuitazama. Anachomoa kijiti cha mafuta, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena. Anaongeza maji kwenye rejeta, anazipiga pampu tairi, halafu anaiosha kwa maji ya bomba, ndoo baada ya ndoo, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi na chumvi hula bati. Kanga zangu mimi nilizifulia hayo hayo ya kisima, na sikuacha kumkumbusha.

Halafu mambo yakabana. Plagi hazipatikani, mpira wa feni ukikatika ndio umekatika, petroli ikawa ya kuuliziana. Kazi yake ya ufundi bandarini nayo ikapungua. Rafiki yake mmoja wa zamani akampatia nafasi ya fundi wa mashine katika meli ya mizigo iliyokuwa ikipakia Dar es Salaam. "Mkataba mmoja tu," aliniambia, "halafu narudi." Sikulia mbele yake. Nilimuuliza gari atamwachia nani, akasema, "Wewe," kama mtu anayejibu swali la kijinga.

Siku zile za mwisho sikumpata nyumbani hata kwa dawa. Alikuwa Mlandege, anaitayarisha gari kulala, na alitaka niwepo nione kila kitu kwa macho yangu. Nikakaa juu ya debe lililopinduliwa, buibui nimelikunja magotini, nikasomeshwa. Petroli ikilala tangini inageuka gundi, kwa hivyo lazima imalizwe. Breki ya mkono isivutwe, itaganda. Vioo viachwe wazi upana wa kidole, gari ipumue. Tundu la ekzosi alilisokomeza kitambaa ili panya wasihamie, na chini ya viti akamwaga karafuu kavu, konzi kwa konzi, kama mama zetu wanavyotia masandukuni kufukuza nondo na mende. Nilimwambia mimi hajapata kunitia karafuu hata nguoni. Akanitupia konzi moja mapajani, akaendelea na kazi yake.

Kilichobaki mwisho kilikuwa mafuta ya injini. Mafuta machafu hutoka vizuri injini ikiwa ya moto, na petroli nayo ilikuwa inataka kumalizwa, kwa hivyo siku moja asubuhi alisema twende Paje turudi.

Siku hizi ukitaja Paje watu hufikiria mahoteli. Wakati ule kulikuwa na kijiji, minazi, na mchanga mweupe unaoumiza macho. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka kule mwambani, na mbali kidogo wanawake walikuwa wakifukua makumbi ya nazi waliyoyafukia pwani ili wapate nyuzi za kusokotea kamba. Hakuna aliyetujua. Yeye alikunja suruali, mimi nikapandisha buibui mpaka kwenye miundi, tukatembea juu ya mchanga wa majimaji, na akanishika mkono mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu anioe. Alisema injini itapoa. Nikamwambia ipoe. Tukakaa sana.

Tuliporudi garini miguu yetu ilikuwa imerowa na mchanga umejaa kila mahala, vidoleni, kwenye pindo za suruali, sakafuni chini ya miguu. Nikamtaka radhi, maana mtu huyu alikuwa akiwakung'utisha viatu hata wazee kabla hawajapanda. "Wacha," akasema. "Nitaufagia kesho."

Jioni ile ile, banda likiwa na joto la kufa mtu, alimwaga mafuta ya zamani akatia mapya. Akafungua plagi, akatia kijiko cha mafuta katika kila silinda, akazirudisha. Akatoa betri akampa mjomba aitumie kwa redio yake. Akainua gari kwa jeki, akaikalisha juu ya mawe, akavua tairi zote, akazifunga magunia na kuzipeleka nyumbani chini ya kitanda chetu, kwenye kiza na ubaridi, kwani mpira hauna adui kama joto. Nimelala juu ya magurudumu manne miaka mingi. Wageni walioinama kutafuta viatu vyao hawakujua waulize vipi.

Kesho yake hakufagia. Alfajiri ililetwa habari kwamba meli itaondoka mapema kuliko ilivyosemwa na inampasa avuke siku ile ile. Akavaa, akambusu mama yake mkono, akaniangalia, akaondoka.

Mchana nikachukua ufagio wa chelewa niende Mlandege kuimaliza kazi yake. Mama mkwe akanizuia mlangoni.

"Wenda wapi na ufagio?"

"Mlandege, mama. Kaacha mchanga ndani ya gari."

"Mchanga wa miguu yake?"

"Wake na wangu."

"Basi weka ufagio chini."

Mama alikuwa mtu wa Nungwi, na kwao wanaume wote walikula kwa bahari, baba, kaka na mume. Mwiko ule na sisi wa mjini tunao: msafiri akitoka, hufagii nyuma yake, usije ukamfagilia na njia ya kurudi. Lakini mjini ni siku moja tu, kesho yake unafagia na umeshasahau. Kwa mama, pale alipokanyaga msafiri mara ya mwisho hapaguswi mpaka ije habari kwamba kafika. Nyumba ilikuwa imeshafagiliwa kabla hajatoka. Ilibaki gari. Nikamweleza kuwa ule ni mchanga wa pwani, una chumvi, na mwenyewe mwanawe angekuwapo asingeuacha hata saa moja.

"Habari ya chumvi mimi siijui," akasema. "Naijua habari ya watu wasiorudi."

Nikaweka ufagio. Nilidhani itakuwa wiki moja.

Kila Alkhamisi baada ya sala ya alasiri nilikwenda Mlandege kuizungusha injini, isigande. Hakuna betri, hakuna petroli; unachomeka hendeli mbele, unazungusha polepole kwa mkono, basi. Alinifundisha kidole gumba nikiweke upande mmoja na vingine, nisiikumbatie hendeli, kwa sababu injini ikirudisha kwa nguvu inavunja kidole. Mzunguko wa kwanza hukataa kidogo. Wa pili unasikia inavuta pumzi, na mimi navuta yangu. Wateja wa mjomba walikuwa na la kusema kila wiki, mwanamke na buibui lake anamkanda mgonjwa wa chuma. "Leo kakubali?" wakiniuliza nikitoka. "Huyu angalau ukimgusa anaitikia," nikiwajibu.

Nikimaliza niliingia nikakaa kwenye kiti changu, cha abiria, miguu nimeipandisha juu ili nisiuharibu mchanga. Chini ya pedeli palikuwa na alama ya kisigino chake, imekauka, imekaa vizuri kabisa. Ndani mnanukia karafuu na mafuta, harufu yake yeye akirudi kazini. Nilikaa pale mpaka kunakaribia magharibi. Nilimtamani. Sina neno jengine lenye heshima zaidi, na kwa umri huu sina haja nalo.

Habari zikaja, za mdomo, kwa mabaharia. Ya kwanza ilitoka Mombasa. Nikapanda ngazi mbio. "Mama, kafika Mombasa."

"Mombasa kapita," akasema.

Ikaja ya Karachi. Kapita. Ikaja ya bandari ambayo mimi na mama tulishindwa kuitamka, na hiyo pia akaihukumu hivyo hivyo. "Meli haifiki mahala," alinieleza kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Inatia nanga, inang'oa. Akiteremka akakaa, hapo ndipo kafika." Mara moja kifurushi kililetwa. Mama alipelekewa shali ya sufu. Mimi nilifungua fungu langu mbele ya jirani, nikakuta kopo la mafuta ya injini. Nilikasirika hata chakula sikula. Usiku nikaliweka kopo karibu na mto, nikalala nalo.

Mkataba ukaisha, akachukua mwengine. Mjini ikawa foleni ya mchele, foleni ya sabuni. Madereva wa teksi wakasikia kuwa kuna mwanamke ana tairi nzima chini ya kitanda, wakawa wanakuja kunibembeleza kwa adabu ambayo wanaume hawanipi kwa kawaida. Nikawakatalia. Mjomba naye akaanza kulitaka banda lake aweke makaa. Nikamkatalia pia, na yeye ndiye mwenye banda.

Lakini sakafu ya gari ilikuwa inageuka. Kwanza ikafanya rangi ya chai pembezoni mwa mkeka wa mpira, baadaye ikatoka malengelenge, na ukiyabonyeza yanavunjika. Nikamwambia mama gari inaliwa.

"Bati hununuliwa," akasema.

Mwaka ule hapakuwa na bati la kununua hata la kuezekea paa. Nilikuwa naweza kwenda kufagia nisimwambie. Nani angejua? Ufagio ulikuwepo bandani, nyuma ya mlango, na mara nyingi niliushika. Mimi niliyejua kufungua plagi na kuzisugua, niliyemcheka jirani kwa hirizi za mwanawe, niliogopa mchanga usiojaa kikombe. Nikaurudisha ufagio nyuma ya mlango, nikazungusha hendeli.

Halafu mchana mmoja akaja baharia mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, aliyefanya kazi naye meli moja. Tukamkaribisha mkekani, nikampikia kahawa. Alikuwa mtu mzima, na aliizungusha kahawa kikombeni mpaka ikapoa. Mwisho akasema mwenzetu kaacha bahari. Kateremka Uingereza, kapata kazi kwenye karakana ya magari, anakaa huko.

"Kaoa?" mama akauliza.

"Kaoa, Bi."

Nilikuwa namtazama mama, kwa hivyo sijui uso wangu ulikuwaje. Baharia akanigeukia mimi. Akasema katumwa aniambie kwamba nikipata mtu wa kuichukua gari, nimpe tu. Mke wa pili ningeweza kumweka mahala fulani moyoni, nikamchukia kwa nafasi yangu. Lile la gari sikupata pa kuliweka.

Alipoondoka mama alikusanya vikombe. Baadaye akanyanyuka kwa tabu, akaenda pembeni, akaniletea ufagio wa nyumbani, akanitia mkononi.

"Kafika," akasema. "Nenda."

Haikuwa Alkhamisi. Mjomba aliponiona naingia na ufagio akanifungulia mlango wa banda. Nikafungua mlango wa gari, nikainua mkeka wa upande wangu. Sakafu ilikuwa chekeche. Nikazunguka upande wa pili, nikainama chini ya pedeli, pale penye kisigino chake, nikauona udongo wa banda. Mchanga ulikuwa umeshatoka wenyewe, kidogo kidogo, kwenye matundu, umechanganyika na vumbi la chini na mavi ya kuku wa mjomba. Hapakuwa na kitu cha kufagia. Nilikuwa nimekaa na miguu juu wiki baada ya wiki, nakihifadhi kitu ambacho sijui kiliondoka lini.

Nikachomeka hendeli. Injini ikazunguka nyepesi, laini, bila kukwama, kama siku aliyoniachia. Ilikuwa nzima kabisa. Angerudi siku ile, akatia betri na petroli, ingewaka. Hapo ndipo nilipolia, nimeinamia boneti, kwa sauti, na dukani wakazima redio.

Nilirudi mjini kwa miguu. Mama alikuwa amekaa mkekani na ungo wa mchele, anatoa mawe, na hakuinua macho niliposalimu.

"Ushafagia?"

"Bado, mama."

Vidole vyake vikasimama juu ya mchele. "Hukufagia?"

"Sikufagia."

Akatoa jiwe moja, akaliweka kando. Halafu akajisogeza ukutani anipishe mkekani.

"Basi bado yumo njiani," akasema, na akanisukumia nusu ya mchele niuchague.