Kompyuta za Chini ya Vitambaa

Juzi nilikwenda kujiandikisha kwenye kozi ya kompyuta hapa Babati, maana ofisi za mkoa mpya zinataka wanaoijua, na mimi nina mtoto, naogopa kukosa kazi. Darasani kompyuta zote sita zimefunikwa vitambaa vya kufuma.

"Mbona hamzifunui?" nikauliza.

"Vumbi, dada," akajibu mwalimu.

Mwanangu, mgongoni, akavuta kitambaa kimoja. Chini yake boksi tupu.

"Zinakuja kutoka Arusha," mwalimu akasema, akilifunika upesi.

Dada mmoja aliyekaa pale darasani, aliyemaliza kozi muhula uliopita, akatabasamu. "Mimi cheti ninacho."

Nikamwuliza kompyuta inawashiwa wapi. Akamtazama mwalimu.

Nikaondoka. Hata mimi redio yangu naifunika kitambaa, lakini yangu inaongea.