Nilivyompimia baba mkwe fremu ya baiskeli kwa suruali iliyoanikwa

Wakuu, habari za muda huu. Hili limenitokea mwenyewe hapa Nyarugusu, sijaongeza chumvi. Nimeshapumua, ndiyo maana naweza kuliandika.

Baba mkwe wangu ni katekista kule Ushirombo. Miaka yote alizungukia vigango vyake kwa baiskeli. Akaja kuanguka, akavunjika nyonga, na hata ilipopona mguu wa kulia ukawa haunyanyuki vizuri. Akawa anashinda nyumbani, anasubiri mwenye pikipiki amkumbuke. Iliniuma sana.

Baiskeli za kike za dukani, zile zenye bomba la chini, zilimkataa. Mzee ni mrefu, magoti yanagonga usukani.

Nikaenda kwa fundi Masanja, anayeunda baiskeli za kubebea viroba vya mawe ya dhahabu. Nikamwomba fremu mpya kabisa, bomba la juu liwe chini mzee avuke kirahisi. Akaniuliza mawili tu: mguu una urefu gani, na anaunyanyua mpaka wapi.

Hapo ndipo nilipochemka.

Wakuu, nani kati yenu anaweza kumshika mkwe mguu ampime na futi? Mimi hata kumwamkia nasimama mbali. Nilipoenda Ushirombo nikaikuta suruali yake kambani, nikaangalia huku na huku, nikaipima fasta. Hilo la kunyanyua nikakadiria kichwani.

Wiki mbili baadaye fremu ikasimama, nzuri kweli. Nikamwambia Masanja amalizie, apake rangi, niitume kwa basi iwe sapraizi ya Pasaka. Akagoma.

"Nimeshikiza kwa nukta nukta za weldingi tu. Sichomi fulu mpaka mwenye mguu aje."

Nilifoka, nakiri. Yeye akaendelea kunywa chai yake. Mke wangu alipochoka kunisikiliza, akampigia baba yake.

Mzee akaja. Masanja akampa shikamoo, akaweka tofali chini, akamwomba avuke. Akaongeza la pili, mzee akavuka. La tatu, akavuka. La nne mguu ukakwama, akanishika bega huku jasho linamtoka.

Bomba langu lilikuwa usawa wa tofali la sita.

Ningeituma, angejaribu kuipanda mbele ya waumini wake, na nyonga ile ile ingevunjika tena. Masanja hata hakunicheka. Akakata zile nukta, akashusha bomba, akaongeza jingine la kulisaidia, ndipo akachoma.

Jumamosi mzee akapanda mwenyewe, hajashikwa na mtu. Akazunguka uwanja mara tatu anaimba wimbo wa kanisani. Mimi na mke wangu tulilia, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: mkwe aheshimiwe, ila mwili wa mtu haukadiriwi. Kuuliza si ujinga. Na fundi akikukatalia, kabla ya kufoka muulize kwa nini.

Mzee aliposhuka akanipa mkono, akanishukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja sana, Baba Neema. Sasa ile suruali lini?"

"Suruali ipi, baba?"

"Si nilikuwa dirishani nikakuona unaipima? Nikajificha nisikutie aibu. Nikajua unanishonea."

Kesho naenda kwa fundi cherehani. Safari hii naenda na mwenye miguu yake.

Wenye wakwe, hebu semeni na nyie, heshima imeshawaponza wapi?