Siku Omena Ilipopata Kimo

Enzi zetu huko Muhuru Bay, mtoto hakukaa darasani mwili mzima. Sikio lilikuwa kwa mwalimu, jicho lilikuwa dirishani. Mama zetu walianika omena, dagaa wadogo wa ziwani, wakiitandaza mchangani juu ya nyavu kuukuu, kisha wakaenda sokoni. Mvua ikiipiga, imeoza, na jioni mnatazamana tu. Mama aliniambia kila asubuhi, "Nyathina, mwanangu, wingu likitoka upande wa Tanzania, usingoje kengele." Shule yenyewe nilikomea darasa la sita, na sare yangu ilikuwa viraka vitupu, lakini wacha nirudi.

Siku hiyo Mwalimu Odongo alichora nukta ubaoni. "Hii haina urefu, haina upana, haina kimo."

Awuor, jirani yangu wa benchi, akanong'ona, "Sasa iko aje?"

Mimi nikadakia, "Mwalimu, ni kama omena moja?"

"Omena ina kichwa na mkia, mama! Huo tayari ni urefu."

Darasa likacheka mpaka mbuzi wa nje wakatawanyika. Akachora mstari, ambao una urefu tu. Akachora mraba. Mimi nimeshaona wingu, jeusi kama sufuria ya kuni, na makalio hayatulii.

"Akinyi, dirishani kuna nini? Haya, nipe kitu cha urefu na upana."

"Omena ya mama, mwalimu. Imetandazwa."

"Na ikipata kimo?"

"Imerundikwa. Na isiporundikwa sasa hivi, mvua inaichukua!"

Mwalimu akageuka, akaliona wingu. "Sasa mnangoja nini?"

Darasa zima likatimka, yeye mbele, suruali ameikunja. Tukainua nyavu kwenye kona zake, omena ikapanda katikati kama kichuguu, tukafunika na turubai. Tone la kwanza likatua mchangani. Mwalimu akalionyesha, anahema: "Haya, nukta hiyo!"

"Mwalimu, na hiyo ina maji!" Awuor akamjibu.

Watoto wangu wanalijua ziwa kwenye simu, bapa, halina harufu. Ukiwatuma wakatazame wingu, wanalitafuta humo humo. Mama naye amebaki picha ukutani, urefu na upana, basi. Na bado wingu likitoka upande ule, naacha chakula mezani, natoka mbio bila viatu. Nafika uani, nasimama. Hakuna kilichoanikwa.