Siku Tatu za Ruhusa

Chumba cha ushonaji kilikuwa na watu watatu: mume aliyekata vitambaa, mkewe aliyeshona, na dada wa mume, yaani wifi, aliyepiga pasi na kusambaza maneno. Kila mwezi mume alichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akazungushia siku tatu kwenye kalenda ya ukutani, kama mtu aliyepewa siri ya mvua itanyesha lini.

"Siku za mama hizo," alimwambia dada yake. "Usimchokoze."

Wala hakuwa anazua. Miaka mingi siku hizo zilimtesa kweli mama huyu mshonaji. Kifua kilimbana, na uzi ukikatika tu machozi yanamtoka. Muuguzi mmoja wa zahanati ndiye aliyemuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Na siku nyingine huudhiki, au unameza?" Alikuwa anameza. Mwezi mzima ni "sawa, baba, sawa, wifi," halafu siku tatu yanamwagika yote.

Ila siku zenyewe zilikuwa na raha yake, tusidanganyane. Alimwambia wifi kwamba mdomo wake hauna mlango. Alimwambia mume kwamba suruali anazokata zina mguu mmoja mrefu. Wao walinong'onezana tu kwamba zitapita. Kwa hiyo umri ulipofika na damu ikakoma, mwaka jana, mama hakumwambia mtu. Aitupe ruhusa ile ili iweje? Duara likichorwa, yeye anakunja uso na kuanza kusema.

Mwezi huu duara likamponza. Binti yao alipata nafasi chuo cha uuguzi. Fomu ilitaka sahihi ya baba, mwisho Ijumaa. Wifi akashauri binti abaki kushona vifungo, kwani elimu haina mwisho, hata mwakani ataikuta.

"Mwanangu anakwenda chuo," mama alisema.

Mume akatupia jicho kalenda. "Mke wangu, leo si siku ya kuongea na wewe. Tutaongea Jumatatu."

"Jumatatu fomu itakuwa ya kuwashia jiko!"

"Umeona?" wifi akadakia. "Si ndizo hizo?"

Mama akasimamisha cherehani. Kumbe miezi yote aliyosema, hakuna aliyemsikia.

"Siku zangu zilikoma mwaka jana," alisema.

Wifi aliisahau pasi juu ya shati mpaka likanuka. Mume akakaa kitako, akaanza kuhesabu miezi kurudi nyuma.

"Yale uliyosema juu ya mama yangu, mwezi wa tatu?"

"Nilimaanisha."

"Na ya suruali?"

"Hayo ndiyo niliyomaanisha zaidi."

Akajikuna kichwa. "Sasa mimi nitajuaje kama umekasirika?"

"Uniulize."

Miaka ishirini na miwili ya ndoa, hilo halikuwahi kumjia akilini. Akakohoa, akamtazama mkewe usoni.

"Umekasirika?"

"Sana."

Akaomba fomu na kalamu.